Ukuta wa tanuru unajibu, ila si kila swali

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nimjibu baba msomaji wa Kampemba aliyeandika kuhusu tanuru za shaba. Alisema kwamba kukaa nje ya tanuru na kutaja joto la uso wa ndani wa ukuta kwa kupiga hesabu ni ramli ya wasomi, na kwamba anayetaka kujua joto la ndani atie kipimo ndani. Mimi nimefanya kazi ya vipimo vya joto katika fonderi moja, yaani kiwanda cha kuyeyusha shaba, ya hapa Lubumbashi tangu nikiwa binti hadi nilipostaafu, na neno hilo limeniuma. Limeniuma zaidi kwa sababu juma hilohilo mtoto wa kaka yangu, anayesoma uhandisi katika Polytechnique ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi (Unilu), aliniletea karatasi ya matangazo ya kisanduku cha kielektroniki kinachouzwa kwa wenye fonderi. Karatasi inaahidi kwamba kisanduku kitaonyesha joto la uso wa ndani wa tanuru kila sekunde, bila kosa. Mmoja anakataa yote, mwingine anaahidi yote, na wote wawili wanawaweka hatarini watu wanaosimama zamu mbele ya tanuru.

Nianze na hilo la kutia kipimo ndani. Kipimo chetu cha kila siku ni termokupli, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Ncha ikipata moto, umeme mdogo sana hutokea, na fundi huusoma kama digrii. Shaba safi huyeyuka kwenye digrii 1085. Shaba ambayo bado ina salfa na chuma, pamoja na skori, yaani uchafu ulioyeyuka unaoelea juu yake, huendeshwa kwenye digrii 1200 na zaidi. Termokupli ya kawaida ya nikeli, ile ya aina K, hapo inakaribia mwisho wa uwezo wake, na gesi ya salfa huila nikeli hadi usomaji wake unapotoka polepole bila mtu kugundua. Ile ya platini huvumilia moto mkali zaidi, lakini ni ghali mno, na skori huitafuna ala yake. Kuna pia kifaa cha kupima kwa kutazama mwanga wa moto. Nimekitumia sana na ninakipenda, ila kinaona moshi na uso wa skori tu. Tofali lililozama chini ya shaba iliyoyeyuka hakilioni kamwe.

Na tofali ndilo tunalotaka habari zake. Ukuta wa tanuru, kutoka nje kwenda ndani, una gamba la chuma, kisha matofali ya kuzuia joto lisitoke, kisha matofali magumu ya magnesia na kromu ambayo ndiyo yanayoguswa na shaba. Uso huo wa mwisho unaliwa. Skori inapenya kwenye vitundu vya tofali, tofali linapanuka na kusinyaa kila tanuru inapozimwa na kuwashwa, vipande vinabanduka na kwenda na shaba. Ukuta ukiwa mwembamba kupita kiasi, shaba inatoboa. Ikikuta maji ya kupozea yaliyo karibu, maji yanageuka mvuke ghafla na kulipuka. Onyo la mapema ambalo watu wa zamu wanaweza kulipata ni lile linaloandikwa na termokupli zilizozikwa ndani ya ukuta, mahali zinapoweza kuishi. Sasa baba msomaji ataelewa kwa nini tunazizika nyuma ya uso na kupiga hesabu ya sehemu iliyobaki.

Joseph Fourier, Mfaransa, alichapisha mwaka 1822 kanuni za jinsi joto linavyopita ndani ya kitu kigumu. Kwa kanuni hizo, ukijua joto la uso, unene wa tofali na uwezo wake wa kupitisha joto, unapata joto la mahali popote ndani yake, saa yoyote. Hiyo ni hesabu ya mbele, nayo ina huruma: ukikosea kidogo kuhusu uso, kosa linazidi kufifia kadiri unavyoingia ndani. Sisi tunahitaji hesabu ya kinyume. Tunajua kilichosomwa ndani ya tofali, tunatafuta kilichotokea usoni. Humo huruma inageuka adhabu, na naomba wasomaji wanivumilie nieleze kwa tarakimu, maana hapa ndipo penye kiini cha barua yangu.

Chukua tofali ambalo joto husambaa ndani yake kwa kiwango cha milimita mraba 1 kwa sekunde, kiwango cha kawaida kwa mawe na matofali mengi. Zika termokupli sentimita 10 nyuma ya uso wa moto, katika ukuta mnene. Tuseme joto la uso linapanda digrii 100 juu ya wastani wake na kushuka digrii 100 chini yake, na mzunguko mmoja unachukua siku nzima. Termokupli itapanda na kushuka takriban digrii 55. Mzunguko ukiwa wa saa moja, zile digrii 100 zinafika zikiwa 5 tu. Ukiwa wa dakika 10, zinafika zikiwa 0.07. Saba ya mia ya digrii moja! Katika chumba cha vipimo, chenye nyaya ndefu zinazopita karibu na mota kubwa za umeme, hakuna anayeweza kuiona saba ya mia hiyo.

Geuza sasa. Ili kurudisha wimbi la dakika 10 usoni, hesabu lazima izidishe kilichosomwa mara 1,400 hivi. Termokupli ikitetereka nusu digrii, na sijawahi kuona yetu ikitulia kuliko hapo, hesabu itaizidisha hata hiyo nusu digrii na kukuambia kwamba uso wa tanuru umeruka digrii 700. Fundi asiyejua atapiga kengele ya hatari bila sababu. Mwingine ataona tarakimu zinarukaruka, ataiita kompyuta mbovu na kuizima.

Kukiwa na sherehe nyumba ya jirani, mdundo wa ngoma nzito unapita ukutani lakini maneno ya mwimbaji yanabaki kulekule. Tofali linafanya vivyo hivyo kwa joto. Yanayobadilika polepole yanapita, ya haraka yanazimwa humohumo ndani, na kikishazimwa, mashine yoyote itakayonunuliwa itakipata wapi?

Wanahisabati walilijua jambo hili mapema. Jacques Hadamard, Mfaransa mwingine, aliandika mwaka 1902 kuhusu masharti ya tatizo lililokaa vizuri: liwe na jibu, jibu liwe moja, na data ikibadilika kidogo jibu nalo libadilike kidogo. Hesabu yetu ya kinyume inavunja sharti la tatu. Kwa hiyo ninapoona karatasi inayoahidi joto la uso kila sekunde bila kosa, kutoka kwa termokupli iliyozikwa sentimita 10 ndani, ninasema wazi kwamba mwandishi wake ama hajui joto linavyopita, ama anajua na anaficha. Kisanduku kinaweza kweli kuandika tarakimu mpya kila sekunde. Lakini tarakimu hizo hazitoki ukutani.

Je, baba msomaji ameshinda? Hapana, kwa sababu yapo maswali ambayo ukuta unayajibu vizuri sana, na swali la unene wa tofali ni mojawapo. Tofali haliliwi kwa sekunde, linaliwa kwa majuma na miezi.

Nitoe mfano wa kwenye karatasi, si wa fonderi yoyote. Termokupli mbili ziko katika mstari mmoja ndani ya tofali lilelile, moja ikiwa mbele ya nyingine kwa sentimita 10. Ya mbele inasoma 700, ya nyuma 500. Joto linashuka digrii 20 kwa kila sentimita. Kama uso wa moto uko kwenye 1200, basi kutoka termokupli ya mbele hadi usoni kuna sentimita 25. Miezi inapita. Sasa ya mbele inasoma 835, ya nyuma 595. Tofauti imekuwa 240, yaani digrii 24 kwa sentimita, na zilizobaki kufikia 1200 ni 365. Gawanya: sentimita 15 na kidogo. Tofali limepoteza sentimita 10. Hesabu hii mwanafunzi wa sekondari anaiweza kwa penseli, na imesimama juu ya kanuni ya Fourier kuanzia mwanzo hadi mwisho. Iko wapi ramli hapo?

Kuna jambo jingine ambalo termokupli moja pekee haiwezi kukuambia, nami nililiona mara nyingi likiwachanganya mashefu, yaani wakuu, wa zamu. Joto likipanda kwenye termokupli zote mbili, usikimbilie kusema ukuta umeliwa. Tazama tofauti kati yake. Zote zikipanda na tofauti ikapanuka, joto jingi zaidi linapita, na tofali upande wa moto limekuwa jembamba. Zote zikipanda na tofauti ikapungua, joto linakwama kutoka upande wa nje: nenda katazame maji ya kupozea, huenda bomba limeziba. Dalili zinafanana machoni pa anayesoma tarakimu moja, na dawa zake ni mbili tofauti kabisa. Katika tukio la pili, kuzima tanuru kubomoa matofali ambayo bado ni mazima ni hasara kubwa. Katika tukio la kwanza, kuongeza maji na kuendelea na kazi ni kuwaweka watu kwenye hatari.

Ndiyo maana ninasisitiza termokupli ziwekwe mbili mbili, na mahali pake papimwe kwa uangalifu siku ya kujenga ukuta. Katika mfano wangu, kama nafasi kati yake ilikuwa sentimita 9 na mjenzi akaandika 10, zile sentimita 25 za mwanzo kwa kweli zilikuwa 22 na nusu. Kosa la kidole kimoja wakati wa kutoboa linakaa ndani ya kila jibu hadi siku ukuta utakapobomolewa. Waya nao usitolewe nje moja kwa moja kuelekea gamba la chuma, maana metali itavuta joto kutoka kwenye ncha na usomaji utakuwa mdogo kuliko ukweli. Uende kwanza sambamba na uso wa moto kwa umbali wa kutosha, mahali ambapo joto ni lilelile, kisha ndipo ugeuzwe kutoka. Mafundi wengi hawaambiwi hilo. Wanaambiwa "weka termokupli", basi.

Tena, umbali kutoka usoni unalipwa kwa mraba wake. Katika tofali lile la milimita mraba 1 kwa sekunde, habari inayotoka usoni kwenda sentimita 10 ina kipimo cha muda cha sekunde 10,000, karibu saa tatu. Ukiizika termokupli sentimita 2 kutoka usoni, kipimo hicho kinashuka hadi sekunde 400, chini ya dakika saba. Umekaribia mara 5, umepata haraka mara 25. Lakini ya sentimita 2 itakufa mapema, tofali likiliwa. Kwa hiyo fundi mwenye busara anazika za karibu akijua atazipoteza, na za mbali zitakazobaki hadi mwisho. Zile za karibu zikikatika, hata kukatika kwake ni habari: moto umefika pale.

Sasa nizungumzie njia zenyewe, kwa kuwa vijana wa Polytechnique huniuliza. Mwaka 1960 G. Stolz alichapisha njia ya moja kwa moja, akilenga vipande vya metali vinavyopozwa ghafla: kila hatua ya muda, tafuta joto la kuingia usoni litakalolinganisha hesabu na kipimo sawasawa. Ni njia nzuri kueleweka, lakini ukipunguza hatua ya muda ili uone zaidi, jibu linaanza kuyumba juu na chini, kila yumbo kubwa kuliko la nyuma yake. Sababu ni ileile: katika hatua fupi, termokupli bado haijapata habari za uso, nawe unailazimisha ijibu.

James Beck, wa Chuo Kikuu cha Michigan State huko Marekani, alileta wazo ambalo mimi naliona la fundi hasa. Alisema tusubiri kidogo. Ili kukadiria joto lililoingia usoni saa hii, tumia pia usomaji wa hatua chache zijazo, ukichukulia kwa muda kwamba joto linaloingia halibadiliki katika hatua hizo. Tafuta thamani inayokaribiana vizuri na vipimo vyote hivyo kwa pamoja, shika ile ya hatua ya kwanza tu, kisha sogea hatua moja mbele na urudie. Ukitumia hatua zijazo chache mno, jibu linayumba kama la Stolz. Ukitumia nyingi mno, jibu linakuwa laini lakini vilele vinakatwa, na utaona joto limeanza kupanda kabla halijapanda kweli. Ninaipenda njia hii kwa kuwa inaendeshwa tanuru ikiwa inafanya kazi, kwa programu fupi ambayo kompyuta ya mkono wa pili inaimudu.

Andrey Tikhonov, mwanahisabati wa Muungano wa Kisovieti, alionyesha mwaka 1963 njia nyingine: chukua vipimo vyote kwa pamoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na utafute jibu linalokaribiana navyo huku ukilitoza faini kila linaporukaruka. Faini ikiwa ndogo, kelele, yaani mitetereko ya vipimo, zinaingia. Ikiwa kubwa, unapata mstari ulionyooka usiosema kitu. Baadaye Oleg Alifanov wa Moscow na wenzake, waliokuwa wakishughulika na joto linaloshambulia vyombo vya anga vinaporudi duniani, waliendeleza njia ya kurudiarudia: hesabu inaboresha jibu hatua kwa hatua, na ulainishaji unatokana na kujua wapi pa kusimama. Ngao ya chombo cha anga ina shida ileile ya tanuru yetu. Usoni hakuna kipimo kinachoweza kuishi, kwa hiyo vinazikwa ndani na hesabu inarudi kinyume.

Wapi pa kusimama? Hapa naomba vijana wasome polepole. Kama termokupli zako zinakosea nusu digrii, basi jibu linalolingana na vipimo kwa kiasi cha nusu digrii linatosha. Ukiendelea kulisukuma hadi lilingane kwa mia moja ya digrii, hujakaribia ukweli, umeanza kunakili kelele za nyaya. Nimeona kazi za wanafunzi zenye michoro miwili iliyolaliana kabisa, hesabu juu ya kipimo, na mwalimu ameandika vizuri sana pembeni. Mimi ningerudisha karatasi hiyo. Ningeuliza pia kama data ya majaribio ilitengenezwa na programu ileile inayotatua tatizo, kwa sababu programu inayojitungia mtihani na kujisahihisha itafaulu daima.

Sitaki kuwaficha wasomaji udhaifu mwingine, ambao kwangu ni mkubwa kuliko kelele. Mwaka 1862 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alipiga hesabu ya umri wa dunia kutokana na jinsi joto linavyoongezeka mtu anaposhuka chini ya ardhi. Ni ndugu wa karibu wa hesabu yetu: unapima joto karibu na uso, unarudi kinyume kutafuta yaliyopita. Alipata kati ya miaka milioni 20 na milioni 400. Leo tunajua ni bilioni 4.5 hivi. Hesabu yake ilikuwa safi. Dunia aliyoichora ndiyo haikuwa dunia yenyewe. John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake, alionyesha mwaka 1895 kwamba ikiwa joto husafiri vizuri zaidi katika kina cha dunia kuliko karibu na uso, umri huo unaweza kuwa mkubwa zaidi, mara nyingi sana.

Tofali letu nalo hubadilika. Magnesia ikiwa na moto mkali hupitisha joto kwa shida kuliko ikiwa baridi, na tofali lililokunywa shaba kwenye vitundu vyake hupitisha joto vizuri kuliko lilivyokuwa jipya. Namba iliyo kwenye katalogi ya mwuzaji ni ya tofali jipya. Mfano wangu wa sentimita 25 na 15 ulichukulia kwamba tofali halikubadilika, na fundi atakayeutumia tanuruni bila kukumbuka hilo atapata unene usio wa kweli. Kwa hiyo jibu la uaminifu halisemi "sentimita 15". Linasema "sentimita 15, pengine 12, pengine 18", na linaeleza upana huo umetoka wapi: kutoka nyaya, kutoka mahali pa kutobolea, au kutoka tofali lenyewe. Shefu anayeendesha tanuru ana haki ya kuambiwa kwamba huenda ni 12. Ni juu ya ile 12 ndipo anapaswa kuamua.

Hapo ndipo ninapotofautiana kabisa na neno la ramli. Mpiga ramli hana rula ya kumsahihisha. Sisi tunayo. Kila tanuru hufika mwisho wa kampeni yake, yaani kipindi cha kazi tangu matofali yajengwe hadi yabomolewe, huzimwa, ikapoa, na matofali ya zamani hubomolewa ili yajengwe mapya. Siku hiyo, kabla ya nyundo kuanza, mtu anaweza kuingia na kupima kwa rula unene uliobaki wa kila tofali lililokuwa na termokupli. Jibu la kweli liko pale mbele ya macho, kwa saa chache, kisha linapakiwa kwenye lori na kutupwa. Nimeona matofali hayo yakitupwa bila mtu yeyote kuyapima, huku daftari za usomaji wa joto za kampeni nzima zikiwa kwenye kabati hatua chache kutoka hapo. Mji huu umeyeyusha shaba kwa tanuru kubwa tangu mwaka 1911. Shemine, lile bomba refu la moshi, na terili, kile kilima cha skori, tunaziona kila asubuhi. Ni maarifa mangapi yamekwenda na lori kwa miaka yote hiyo?

Kwa hiyo ombi langu, Bwana Mhariri, ni kwa wenye fonderi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Tanuru ikizimwa, ruhusuni wanafunzi wawili au watatu waingie na rula na chaki kabla ya kubomoa, waandike unene wa kila tofali na namba ya termokupli yake, na wapewe nakala ya daftari za joto za kampeni hiyo. Kama kuna siri ya biashara katika daftari, futeni tarehe na tani za uzalishaji; hesabu haizihitaji. Inahitaji joto, saa, mahali pa termokupli, na aina ya tofali. Vijana wataendesha njia ya Beck na ya Tikhonov juu ya data hizo, watasema ukuta ulibaki na unene gani na kwa kosa la kiasi gani, kisha watafungua karatasi ya rula. Pale watakapokosea itajulikana ni kwa sababu gani, na tanuru inayofuata itajengwa na termokupli mahali panapofaa zaidi.

Kwa wale wanaotaka kununua kisanduku cha kila sekunde, nawashauri mwulizeni mwuzaji kabla ya kulipa: wimbi la joto la dakika 10 usoni, kwa termokupli zilipozikwa, linafika kwenu likiwa la digrii ngapi? Mashine inalainisha kiasi gani, na nani alichagua kiasi hicho? Akijibu kwa tarakimu, endeleeni kuzungumza naye. Akijibu kwamba mashine yake ni ya kisasa, mwombeni arudi na fundi wake.

Na kwa wanafunzi wasio na mlango wa kuingilia fonderi, msingoje. Wachoma matofali wa pembezoni mwa mji wana tanuru zinazowaka siku kadhaa mfululizo. Ombeni ruhusa kwa adabu, wekeni termokupli mbili katika ukuta wa nje wa rundo, na ya tatu karibu na moto ya kusahihishia ambayo hamtaitumia kwenye hesabu. Chukueni betri, maana umeme ukikatika usiku mtapoteza sehemu ya usomaji, na hesabu ya kinyume haipendi daftari lenye matundu. Mimi niko tayari kuja kuwaonyesha jinsi ya kutoboa na kulaza waya.

Mama fundi wa vipimo, mstaafu
Katuba, Lubumbashi